Mapipa ya Valsin Cheramie

Siku serikali ilipomchukua Leontine, Odilon Guidroz alisimama gatini ameshika kofia kifuani kama aliyekuja kuzika. Leontine ilikuwa boti yake ya injini, ya kuvulia kamba na kaa, aliyoiunda pamoja na marehemu baba yake kwa mbao za mberoshi, kisha akaipa jina la mkewe. Mabaharia wa serikali waliipaka rangi ya kijivu kuanzia omo hadi tezi. Pale palipokuwa na jina wakaandika namba. Mbele wakafunga bunduki ya rashasha iliyobaki tangu vita vya kwanza vya dunia, na ndani ya kibanda cha usukani wakapachika redio iliyokoroma kama mzee mwenye pumu. Mwisho wakamwapisha Odilon mwenyewe, wakampa kofia nyeupe iliyombana kichwa, wakamwambia kuanzia leo yeye ni nahodha wa doria.

"Binamu, umeyaona mambo?" alimcheka Clodomir, fundi wake wa injini, ambaye naye alikuwa ameapishwa dakika ile ile. "Serikali imekunyang'anya mke, halafu imekuajiri umwendeshe."

Leontine mwenyewe, yule wa nyumbani, alikuwa amesimama nyuma yao na kapu la mikate. "Wewe Clodomir, mimi hawaniwezi hata wakija na manowari tatu," alisema, na watu wote wa kijiji cha Pointe Gaspard waliokuwa pale gatini wakaangua kicheko.

Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja kwa muda mrefu. Mwaka ule, 1942, nyambizi za Wajerumani zilikuwa zimeingia Ghuba ya Meksiko, zikawa zinawinda meli za mafuta zinazotoka mdomo wa mto mkubwa. Watu wa Pointe Gaspard, waliozoea kukaa barazani jioni kupunga upepo, sasa walikaa wakitazama moto. Kwanza mwanga mwekundu kwenye ukingo wa bahari, kisha mngurumo unafika umechelewa, kisha mbwa wote wanaanza kubweka. Baada ya siku mbili tatu lami nyeusi inaletwa ufukweni, na ndege wa baharini wanatembea mchangani wameshindwa kufungua mbawa.

"Kazi yenu ni macho," Luteni Hartsock aliwaambia manahodha wa boti za watu binafsi zilizochukuliwa. Alikuwa kijana kutoka bara, mwenye shingo iliyobabuka kwa jua, na hakuwa mtu mbaya. "Mnaangalia, mnaita kwa redio, mnaokoa watu walioko majini. Basi."

"Na tukiiona nyambizi yenyewe, afande?" Odilon aliuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Muiripoti."

"Na yenyewe ikituona sisi?"

Luteni alitazama ramani yake. "Muiripoti haraka."

Wenzake walipotoka, Luteni alimzuia Odilon mlangoni.

"Guidroz, kaa kidogo. Hizi nyambizi zinakaa huku majuma kwa majuma. Unadhani zinapata wapi mafuta?"

"Kwao Ujerumani, nadhani."

"Ujerumani ni mbali. Wakubwa wangu wanaamini kuna watu wa hapa wanawauzia. Dizeli, maji, mboga. Watu wa hivi vijito." Akashusha sauti. "Watu wako."

Odilon alihisi masikio yanamwaka. Kwao watu walizungumza Kifaransa nyumbani, na walipotaja "Wamerikani" walikuwa wanamaanisha hao wengine, wanaokuja na viatu vikavu na kuuliza maswali. "Mwanangu Alcide yuko Pasifiki," alisema. "Amevaa sare yenu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe na si mwingine. Fungua macho tu. Ukiona kitu, njoo uniambie."

Odilon alitoka akiwa amefura kwa hasira. Hasira ile ilimkaa siku nne. Siku ya tano, alfajiri, akakutana na Valsin.

Valsin Cheramie alikuwa mume wa Ozelia, dada pekee wa Odilon. Alikuwa mtu wa karata na mizaha, mwembamba, mwenye mikono isiyotulia. Walipokuja kuandikisha boti za doria, yeye alisema yake inavuja, na kweli aliwaonyesha maji ndani yake, maji ambayo Clodomir aliapa kwamba Valsin ameyamimina kwa ndoo. Alfajiri ile Leontine ilikuwa inatoka kwenda doria, na boti ya Valsin inaingia kutoka bahari kuu, polepole, imezama kuliko kawaida.

"Shemeji!" Odilon alimwita. "Umetokea wapi?"

"Kuvua."

"Kamba wako wapi?"

"Wamekataa kutoka. Wamesikia kuna vita."

Clodomir alicheka kutoka kwenye tundu la injini. Lakini boti zile mbili zilipopishana upepo ulivuma kutoka upande wa Valsin, na Odilon akasikia harufu ya dizeli. Si harufu kidogo ya mtu aliyemwagikiwa nguoni. Harufu nzito, ya pipa. Juu ya sitaha, chini ya turubai, palikuwa na vitu vya mviringo vilivyosimama vimebanana. Na injini ya Valsin ilikuwa ya gari kuukuu, inayokunywa petroli. Dizeli ilimhusu nini?

"Ni nani yule?" aliuliza Mahaffey, mshika bunduki. Huyu alikuwa baharia halisi wa Walinzi wa Pwani, mzaliwa wa Kansas, ambaye hakuwa ameiona bahari mpaka alipoajiriwa kuilinda.

"Shemeji yangu."

"Ana nini pale chini ya turubai?"

"Nyavu," Odilon alijibu.

Neno lilitoka kabla hajalifikiria. Alishika usukani akatazama mbele. Clodomir alitoa kichwa tunduni, akamtazama binamu yake, kisha akakirudisha taratibu bila mzaha wowote. Naye alikuwa na pua.

Kuanzia hapo Odilon hakupata raha. Juma lile meli ya mafuta ilipigwa si mbali na mlango wa bahari, na Leontine ilikuwa ya kwanza kufika. Bahari ilikuwa inawaka kwa vipande vipande, moto unaelea kama majani. Waliokoa wanaume waliokuwa weusi kwa mafuta, macho tu ndiyo meupe. Odilon alimshika mmoja mkono amvute, na ngozi ya mkono ule ikabaki kiganjani mwake. Mtu yule aliomba maji kwa adabu, akashukuru alipopewa, akafa kabla hawajaona nchi kavu.

Jioni Odilon aliosha mikono kwa sabuni, kwa mchanga, kwa ndimu. Harufu ya dizeli haikutoka. Akajiuliza dizeli iliyoileta ile nyambizi mpaka pale ilitoka kwenye pipa la nani.

"Unakula kama unayetafuna mchanga," mkewe alimwambia. "Una nini wewe?"

"Joto."

"Joto tumezaliwa nalo. Sema kweli."

Angesema nini? Kwamba mume wa dada yake anauza roho za watu? Neno kama hilo likishatoka halirudi. Na kama akinyamaza, na ikawa kweli, basi mikono yake na ya Valsin ina tofauti gani? Alilala akigeuka huku na huku. Alianza kuhesabu boti zinazotoka na zinazoingia, kutazama nani ana mapipa, nani amenunua nini dukani. Watu aliokua nao akawa anawatazama kwa jicho la Luteni. Alijichukia kwa hilo, lakini macho yalikwisha kufunguka, hayakutaka kufumba.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa dada yake. Ozelia alikuwa amepika mchuzi wa bamia na kamba, mweusi na mzito, na wali mweupe pembeni. Valsin alikaa mwisho wa meza anasukumasukuma kijiko.

"Shemeji," Odilon alianza, alipoona Ozelia ametoka kuchukua kahawa, "alfajiri ile tulipopishana..."

"Ngoja kwanza," Valsin alimkata. "Umekuja kama shemeji, au umekuja kama kofia?"

"Nimekuja kama mimi."

"Basi mwambie wewe ale, mchuzi unapoa. Akija yule mwenye kofia, mwambie Valsin hayupo."

Alisema kwa mzaha, lakini yeye mwenyewe hakula. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, wakamsikia anateka maji na kunawa, ananawa, ananawa.

Ozelia alirudi na birika, akakaa karibu na kaka yake. "Kaka, umemwona? Ni hivyo kila siku. Anatoka kabla ya mapambazuko, akirudi hanigusi, hataki hata nimguse shati. Akilala anasemasema." Akainamisha kichwa. "Niambie tu ukweli. Ana mwanamke?"

Odilon alimtazama dada yake, aliyekuwa akibebwa mgongoni mwake walipokuwa wadogo, na kwa mara ya kwanza maishani akamwombea shemeji yake awe na mwanamke. "Sijui," alisema. "Sidhani."

"Ingekuwa afadhali mwanamke," Ozelia alisema. "Mwanamke ningejua pa kumkuta."

Hazikupita siku nyingi. Ilikuwa asubuhi yenye utusitusi, bahari imetulia kama mafuta, na kweli juu yake palikuwa na mafuta, yanang'aa rangi saba. Leontine ilikuwa nje ya kisiwa cha mwisho. Mahaffey alikuwa mbele na darubini.

"Nahodha! Boti ndogo, upande wa kusini. Haina bendera. Imesimama."

Odilon hakuhitaji darubini. Aliijua kwa kibanda chake kilichoinama, aliyekipigilia misumari ni yeye mwenyewe miaka ile Valsin alipomwoa Ozelia. Mahali pale hapakuwa na kamba wala kaa, maji ni mengi mno. Mtu hasimamishi boti mahali kama pale isipokuwa anangoja kitu kije. Au kiibuke kutoka chini.

"Mwiteni," alisema. Mahaffey alipuliza honi, akapunga bendera ya kusimamisha. Boti ile ilitoa moshi mweusi, ikageuka, ikaanza kukimbia kuelekea kwenye visiwa vya matete.

"Anakimbia!" Mahaffey alipiga kelele.

"Naona. Clodomir! Mpe moto!"

"Ndio huu, binamu! Nikiongeza tutapaa!"

Leontine ilitetemeka mbao zote. Umbali ukapungua. Sasa mgongo wa Valsin ulionekana, ameinamia usukani, na lile turubai nyuma yake, limebonyea na kuinuka. Amri ilikuwa imebandikwa kibandani, na Odilon alikuwa ameisoma mpaka imemkaa kichwani: chombo kisichosimama kipigwe risasi ya onyo mbele yake, na kisiposimama bado, kipigwe chenyewe.

Mahaffey alifyatua ya onyo. Maji yaliruka mbele ya boti ya Valsin. Haikusimama.

"Nahodha?"

Odilon alimwona akilini Ozelia na birika la kahawa. Alimwona yule baharia aliyeshukuru kwa maji.

"Nahodha, anaingia kwenye matete! Tutampoteza! Natoa amri mimi au unatoa wewe?"

"Piga injini," Odilon alisema kwa sauti aliyoisikia kama ya mtu mwingine. "Injini tu."

Mahaffey akainamia bunduki. Na wakati ule ule, wakati kidole kinavuta, mikono ya Odilon ilizungusha usukani. Hakuiamuru. Leontine ililala ubavu, omo ikageukia bahari tupu, na msururu wa risasi ukaenda kupasua maji mahali pasipo na mtu. Mahaffey aliangukia goti, akashika mhimili wa bunduki asitupwe nje. Alipoinuka alimtazama Odilon kupitia kioo cha kibanda.

Hakukuwa na haja ya risasi nyingine. Valsin, kwa kutazama nyuma, alikosa mkondo, boti yake ikapanda fungu la mchanga ikakaa. Leontine ilisogea ubavuni. Valsin alikuwa ameketi juu ya sanduku, mikono katikati ya magoti, analia kama mtoto.

"Mnataka kuniua," alisema. "Odilon, umewaleta waniue."

"Ungesimama! Mjinga wewe, kwa nini hukusimama?" Odilon aliruka ndani ya boti ile. "Iko wapi dizeli? Unawapelekea? Niambie kwa mdomo wako!"

"Nawapelekea nani?"

"Unajua nani!"

Valsin alimkodolea macho. Ilionekana wazi kwamba hakuelewa, kisha ikaonekana wazi kwamba ameelewa, na uso wake ukabadilika ukawa kama wa mtu aliyetemewa mate. Alinyoosha mkono akavuta turubai.

Yalikuwapo mapipa mawili ya dizeli, yamebonyea, yana alama ya kampuni ya meli. Palikuwa na matita ya mpira mbichi, makasha ya nyama ya kopo yaliyolowa, jaketi za kuelea. Vitu vya meli zilizozama, vilivyookotwa baharini, ambavyo kila mtu alitangaziwa kanisani kwamba ni mali ya serikali na asiviguse. Na kandokando ya vitu hivyo, wamefunikwa kitambaa cha tanga kilichokunjwa vizuri kichwani na miguuni, walilala watu wawili.

Mahaffey alifunua mmoja, akafunika upesi, akaenda upande wa pili wa boti akatapika.

"Nawakuta kule vitu vinakoelea," Valsin alisema taratibu. "Mkondo unawaleta pamoja. Siku ya kwanza nilimwacha. Nilichukua pipa nikamwacha mtu. Nikarudi nyumbani, nikashindwa kula. Kesho yake nikaenda kumtafuta, samaki walikuwa wamekwisha kumwanza. Tangu siku hiyo simwachi mtu."

"Unawapeleka wapi?"

Aliwaonyesha. Walipoivuta boti kutoka mchangani, waliingia kwenye kijito chembamba, matete yanawapiga mashavuni, mpaka kwenye tuta la makombe ya chaza lenye mialoni mifupi. Hapo palikuwa na makaburi, yamepangwa safu, kila moja na msalaba wa vipande vya makasha. Hapakuwa na jina hata moja. Kwenye mti Valsin alikuwa amening'iniza rozari ya mama yake.

"Sala mimi sijui sana," alisema. "Nasema zile ninazozijua. Mali ya baharini nilichukua, Odilon, siwezi kukana. Nimeuza mpira kule mjini. Ya mwilini mwa mtu sikugusa. Pete, saa, barua, kila mmoja anacho chake chini."

"Kwa nini hukusema? Wana wake zao hawa. Wana mama zao."

"Ningesema maiti, wangeniuliza nilikuwa natafuta nini kule. Kila siku nasema kesho nitamwambia padre. Kesho nikienda nakuta wengine."

Waliwazika wale wawili, wote wanne wakishika sepetu kwa zamu, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na haikuwezekana kungoja. Walipomaliza, Mahaffey alimvuta Odilon kando. Alikuwa amevua kofia, nywele zimemganda usoni.

"Nahodha. Mimi nimeona boti iliyokwama mchangani. Ukitaka, sikuona kitu kingine. Na usukani ulizunguka kwa sababu ya wimbi."

"Hapakuwa na wimbi."

"Nasema ukitaka."

Odilon alishukuru kwa kichwa, akatembea peke yake mpaka mwisho wa tuta. Wazo la kunyamaza lilimvuta vibaya. Ozelia angebaki na mumewe, naye angebaki na usukani wake. Mbele yake maji yalikuwa meupe kwa jua. Akamfikiria Alcide, huko Pasifiki, juu ya meli yenye mafuta tumboni kama zile. Akawaza kwamba huenda siku moja mtu asiyemjua, kwenye kisiwa asichokijua, atamzika mwanawe vizuri kabisa, kwa heshima zote, halafu akae kimya. Naye Leontine atakaa barazani mpaka azeeke akitazama njia.

Alirudi. "Nitamwambia Luteni yote," alisema.

Valsin alifuta uso kwa mkono wa shati. "Na mimi nilidhani umekuja kama wewe," alisema.

Luteni Hartsock alisikiliza bila kumkatiza. Odilon alipofika mahali pa risasi, alisema: "Nilizungusha usukani makusudi. Na ile mara ya kwanza, alfajiri, nilisema uongo. Nilisema ni nyavu."

"Mahaffey hakuniambia hayo."

"Mahaffey ni mtu mwema. Nakwambia mimi."

Luteni alipapasa shingo yake iliyobabuka. "Siwezi kukuacha kwenye usukani, Guidroz," alisema hatimaye. "Unaelewa? Safari nyingine unayemkwepesha risasi huenda akawa adui kweli."

Valsin alihukumiwa kifungo cha miezi kadhaa kwa mali aliyoiuza. Boti yake ilichukuliwa kwa doria. Wanajeshi wakaja na majeneza, wakafukua makaburi, na kwa zile pete na barua wengi wao wakajulikana na kupelekwa kwao. Wale ambao moto haukuwaachia kitu walihamishiwa makaburi ya kanisa la Pointe Gaspard. Odilon alisimama pembeni na kofia mkononi. Ozelia alisimama upande wa pili. Odilon alipojaribu kumsogelea, Ozelia alimwambia mbele ya watu, "Kaka, tafadhali. Usije kwangu." Kisha akaenda zake.

Leontine ikapewa nahodha kutoka mji wa Mobile, mtu mnene aliyepiga honi bila sababu. Sasa Odilon ndiye aliyekaa barazani. Akiisikia injini yake inatoka, alikuwa anakaza vidole kwenye mkono wa kiti mpaka isisikike tena, na chai ya asubuhi haikushuka kooni mpaka ameisikia inarudi. Siku moja haikurudi kwa wakati. Ilipita adhuhuri, ikapita alasiri. Alitembea gatini toka mwanzo mpaka mwisho hata watoto wakaacha kucheza wakamtazama. Ilipoingia ilikuwa inavutwa na boti nyingine, na Clodomir amekaa mbele, mweusi kwa grisi.

"Mnene wa Mobile kaipandisha kwenye mwamba!" alipiga kelele kabla hata haijafika. "Mkeo mzima, binamu! Kachubuka tu matako!"

Odilon alicheka, kisha akakaa chini pale pale gatini.

Mwaka uliofuata nyambizi zilipungua, boti za watu zikarudishwa kwa wenyewe. Valsin alitoka kifungoni. Miezi ikapita, wakikutana barabarani kila mtu anatazama upande wake. Alcide alikuwa bado hai, barua zake zilifika zimekatwakatwa na makasi ya jeshi.

Sikukuu ya Watakatifu Wote ilipofika, watu wa Pointe Gaspard walikwenda makaburini na ndoo za chokaa, kama kawaida, kila familia ipake ya kwao. Odilon alimaliza ya baba na mama yake, akanyanyua kichwa. Kwenye pembe ya mwisho, kwa wale mabaharia wasio na jina, Valsin alikuwa amepiga magoti peke yake na brashi. Odilon alichukua ndoo yake akaenda. Hakuomba ruhusa. Alianza kupaka upande mwingine.

Walipaka kaburi la kwanza, na la pili.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," Valsin alisema bila kumtazama. "Kifungo sikuulizi. Ningekuwa wewe, labda ningesema vile vile. Lakini siku ile kwenye boti uliniuliza kama nawapelekea. Ulikuwa umekasirika tu, au ulidhani kweli?"

Odilon aliweka brashi chini. Uongo ulikuwa karibu, mwepesi, na ungemfurahisha kila mtu. "Nilidhani kweli," alisema. "Tangu ile alfajiri. Kila siku."

"Ulikuwa unakula mezani kwangu."

"Ndiyo."

Valsin alichovya brashi, akaendelea kupaka. Chokaa ilikuwa inamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Walimaliza makaburi yote. Jua lilikuwa limeanza kushuka, wanawake wanawasha mishumaa, watoto wanakatazwa kukimbia. Valsin alisimama, akanyoosha mgongo, akaokota ndoo yake.

"Ozelia kasema uje ule," alisema. "Wewe na Leontine."

"Na wewe?"

"Mimi sijasema. Kasema yeye." Akaanza kutembea. Baada ya hatua chache akageuza kichwa. "Njoo mapema. Mchuzi wake ukipoa anakuwa mkali kwa kila mtu."

Walikwenda, Odilon na mkewe. Ozelia aliwapakulia bila maneno mengi, lakini yeye alimwekea Odilon mnofu wa kaa juu ya wali, kama kaka yake alivyoupenda tangu utotoni. Valsin alikula na kichwa chini. Hawakuzungumzia vita. Walizungumzia mvua, na kamba, walio wengi mwaka ule kuliko kawaida.